Kufunga Saa Kumi na Sita Hakuondoi Kitambi Kama Sinia ni Lile Lile

Tangu mtindo wa kukaa saa kumi na sita bila kula uingie kwenye simu zetu, naulizwa mara kwa mara kama ndio dawa ya kitambi. Wengi wanaouliza washaambiwa kliniki kwamba sukari yao inapanda. Jawabu langu ni kuwa saa za kula zina kazi yake, lakini kazi kubwa ni ya kile kinachopakuliwa.

Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Guangzhou, Uchina, kwa watu 139 wanene kupita kiasi. Wote walipunguziwa chakula kwa kiwango kimoja, ila kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri pekee. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepungua uzito, na tofauti baina yao haikutosha kusema kwamba saa ndizo zilizowapunguza. Sisi tunaofunga Ramadhani hilo twalijua. Mtu hufunga mwezi mzima, na Idi ikifika kanzu inambana. Futari ilikuwa kaimati, sambusa, tambi za sukari na viazi vya nazi, kisha wali baada ya tarawehe, na daku juu yake.

Tupige hesabu kidogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na mahamri huyanywa mafuta hayo karaini. Mbaazi zenyewe hazina kosa, tatizo ni tui zito. Chai nayo: vijiko vitatu vya sukari kwa vikombe vinne ni vijiko 12, yaani gramu 48 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ambazo ni gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana nusu ya hapo. Chai imeshamaliza fungu lote, na soda haijafunguliwa.

Saa zinasaidia zaidi usiku. Mwili huimudu sukari vizuri asubuhi kuliko usiku, na sisi tumeugeuza usiku kuwa ndio wakati wa kula: viazi karai barazani baada ya isha, kisha saa nne wali wa nazi, kisha kitanda. Chakula kikubwa kiwe mchana, cha usiku kiwe chepesi mara baada ya magharibi, na jiko lifungwe. Aliyezoea sunna ya Jumatatu na Alhamisi nia yake ni ibada, na mwili hupata fungu lake, bora afuturu kwa tende, maji na supu wala asilipize kisasi.

Kwenye sahani, nusu iwe mchicha, kisamvu au kachumbari, robo samaki au maharagwe, robo wali. Hiyo robo ya samaki msiidharau, kwa sababu anayejinyima tu bila protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta. Nitaambiwa naondoa baraka ya sinia, lakini kwenye sinia huoni umekula kiasi gani. Pakua chako, kisha kaeni pamoja.

Mizani ya wiki ya kwanza isikufurahishe sana, maji ndiyo mengi yaliyotoka. Nusu kilo kwa wiki yatosha. Chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno: hatari huanza kuongezeka sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Sukari ikishuka ghafla utatoka jasho, utatetemeka na kuona kizunguzungu. Hapo kunywa maji ya sukari papo hapo, hata kama umefunga. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu mtindo huu.