Kigoma, bandari ya Wadachi ngambo ya ziwa letu

Mutu akitaja bandari za Wadachi, yaani Wajerumani, tunafikiri mara moja Hamburg na bahari kubwa. Lakini iko bandari moja waliyoijenga karibu yetu, na watu wengi wa Fizi na Baraka wanaijua kwa miguu yao wenyewe kuliko kwa vitabu: ndiyo Kigoma, ngambo ya Ziwa Tanganika. Wengi wetu walishuka pale na muzigo kichwani na mutoto mugongoni, bila nafasi ya kuuliza nani aliijenga na kwa kusudi gani.

Zamani muji mukubwa wa pwani ile ulikuwa Ujiji. Pale misafara ya Waarabu na Waungwana ilipita na pembe na watumwa waliotolewa Manyema na pande zetu. Pale Stanley alimukuta Livingstone mwaka 1871, na pale Mapadri Weupe wa kwanza walifika mwaka 1879. Ila pwani ya Ujiji ni ya maji mafupi, tena iko wazi kwa upepo. Wadachi walipoleta reli yao wakaiacha Ujiji, wakachagua ghuba ya Kigoma, mwendo wa kilometa chache tu, kwa sababu maji yake ni marefu na vilima vinaikinga. Basi muji wenye sifa ukageuka kuwa jirani ya muji mupya.

Reli ile ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa pili wa mwaka 1914, safari ya kilometa zaidi ya 1200. Tusidanganyike: haikujengwa kwa kuwapendeza wenyeji. Wadachi walitaka mali ya Kongo ipite kwao. Wabelgiji nao hawakulala; reli yao kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915.

Ajabu kubwa ya Kigoma ni meli yake. Ilitengenezwa Papenburg, bandari ndogo ya Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, mwaka 1913. Ikaisha kuungwa, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili walikuja pamoja nayo. Mwezi wa pili wa mwaka 1915 ikashushwa majini. Waliiita Graf von Götzen, jina la mukubwa aliyetawala inchi yao ya Afrika ya Mashariki tangu 1901 hata 1906. Ndiye aliyetawala wakati wa vita vya Maji Maji, vilivyoua watu wengi sana, zaidi kwa njaa. Katika vita vya 1914 meli ikapewa mizinga, mumoja wao ukiwa umetolewa katika manowari Königsberg, iliyokufa katika muto Rufiji.

Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa njia ya Katanga. Zikakamata meli moja ndogo ya Wadachi na kuzamisha nyingine. Ndege za Wabelgiji zikaangusha mabomu Kigoma. Mwisho, tarehe 26 mwezi wa saba 1916, Wadachi wenyewe wakazamisha meli yao. Lakini angalieni akili ya fundi: kwanza mashine zake zilipakwa mafuta mazito zisile kutu. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Wakaiinua meli, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mashine zikaonekana nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini.

Wabelgiji walitoka Kigoma mwaka 1921, lakini si kabisa. Kwa mapatano ya mwaka ule walipewa kipande cha bandari Kigoma na kingine Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka! Hivi mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ilipita pale. Faranga moja. Jasho la wapagazi wetu waliokufa katika njia ya Tabora mwaka 1916 halikuandikwa katika hesabu ile.

Mwaka 1965 watu wa Che Guevara walivuka usiku kutoka Kigoma hata Kibamba, upande wa Fizi, na baada ya miezi saba wakarudi kwa njia ileile. Habari zao zimeandikwa sana. Habari za mama zetu waliovuka mwaka 1996 na miaka iliyofuata, katika mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, hazikuandikwa hivyo. Mwaka 1997 Liemba, meli ya vita ya Wadachi, ilibeba wakimbizi zaidi ya 75000 kutoka Kigoma hata Uvira, katika safari 22. Halafu vita vikaanza tena mwaka 1998, na wengi wakavuka mara ya pili, wakapelekwa Lugufu na Nyarugusu. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuwatoa Kigoma na kuwashusha Baraka, kila jamaa na mabati, masufuria na magodoro yao, na wengine walishuka katika inchi waliyokuwa wameisikia tu kwa wazazi wao.