Asili na Maana ya Neno "Kuonewa"

Mtu wa Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida, apelekapo shauri lake mahakamani kwa Kiswahili, ana maneno mawili ya kuchagua: "nimedhulumiwa" au "nimeonewa". Wengi huyatumia kana kwamba ni pacha. Walakini asili zake ni mbali mbali, na tofauti hiyo yaweza kuligeuza shauri zima.

Dhuluma ni neno la Kiarabu. Wanazuoni wa lugha hiyo hulieleza kuwa ni kuweka kitu pasipo mahali pake. Ndivyo Kiswahili nacho kisemavyo "amenidhulumu ng'ombe wangu". Ipo mali, na mali hiyo iko kwa asiyestahili. Kuonea, kwa upande wake, ni neno la Kibantu, tawi la kuona, na Johnson katika kamusi yake ya 1939 aliliweka chini ya shina hilo. Mnyaturu, ambaye lugha yake nayo ni ya Kibantu, amezoea vitenzi vya kutendea tangu utotoni. Neno la Kiarabu hulipokea zima. Tena hapa hapana mali. Hakuna alalamikaye "amenionea ng'ombe wangu", ila awe ameangaliziwa ng'ombe malishoni, na hayo ni mengine.

Kuona si kazi ya jicho tu. Mtu huona njaa, huona haya. Na kwa mwenziwe huonea huruma, wivu au kijicho. Yamkini maana ya ubaya ilizaliwa hapo: jina la hisia likaachwa, kitenzi kikabaki peke yake na uzito wote. Ajabu ni kwamba kilichosalia ni ubaya, wala si huruma. Sababu yaelekea kuwa ni nguvu. Mdeni aweza kumdhulumu amdaiye. Kumwonea hawezi, maana kuonea hutoka juu kwenda chini. Azimio la Arusha la 1967 lilifuata maana hiyo hiyo: lilitaja kuonewa pamoja na kunyonywa na kupuuzwa, na unyonge likaufanya ndio chanzo.

Basi karani akiandika "amedhulumiwa" kwa mtu aliyesema "nimeonewa", hakimu atauliza ni ng'ombe wangapi. Na mlalamikaji, ambaye hakupokonywa hata ndama, ataonekana hana shauri.