Mshahara, Mgodi na Karai: Historia ya Chakula cha Haraka Tarime na Serengeti

Historia ya chakula cha haraka duniani huandikwa kwa kufuata majina ya kampuni, kwa kuwa ndugu wawili wa familia ya McDonald walipopanga upya jiko lao huko San Bernardino, California, mwaka 1948, ili kila mfanyakazi ashike kazi moja tu na mteja asingoje, walianzisha mfumo ambao baadaye uliuzwa kwa leseni katika nchi nyingi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, njia hiyo haioneshi mengi. McDonald's haijafungua mgahawa Tanzania, na KFC, iliyoingia nchini mwaka 2013, ilianzia Dar es Salaam, wakati ambapo chipsi, mishkaki, sambusa na maandazi vilikuwa vimekwisha kuzoeleka katika miji midogo ya Sirari, Nyamongo na Mugumu. Ikiwa chakula cha haraka kitachukuliwa kwa maana pana, yaani chakula kinachoandaliwa kwa dakika chache au kilichokwisha kuandaliwa, kinachonunuliwa kwa fedha na kuliwa mbali na meko ya nyumbani, basi katika wilaya hizi kililetwa na mshahara, na historia yake hufuata mahali ambapo mshahara ulilipwa.

Kabla ya fedha kuingia katika maisha ya kila siku, mlo wa Wakuria wa Tarime, na wa Wangoreme, Waikoma, Wanata na majirani zao wa Serengeti, ulitegemea ugali wa ulezi na mtama, maziwa, mboga za majani na nyama, na baadaye muhogo, zao linalostahimili ukame ambalo serikali ya kikoloni ililihimiza kama kinga dhidi ya njaa. Ulezi ulisagwa kwa jiwe, na kazi hiyo, pamoja na kuteka maji na kutafuta kuni, iliwaangukia wanawake, kwa hiyo ugali ulikuwa mlo wa polepole hata kama ulipikwa kwa muda mfupi. Chakula cha safari nacho kilikuwapo: upande wa Serengeti nyama ya mawindo ilikatwa vipande virefu na kukaushwa, ikaitwa kimoro, na iliweza kubebwa na kuhifadhiwa bila chumvi nyingi wala mafuta. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, sehemu kubwa ya uwindaji huo iligeuka kuwa ujangili mbele ya sheria, na jamii zilizoishi kandokando ya mipaka zilipoteza njia halali ya kupata kitoweo.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitokana na posho, yaani mgawo wa chakula ambao mwajiri au jeshi lilimpa mtu aliyekuwa mbali na kwao. Vijana wengi wa Kikuria waliandikishwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na wengine walifanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Kilimafedha, ndani ya Serengeti, na ya Buhemba na Kiabakari, kusini mwa Tarime. Unga wa mahindi, maharage, chumvi, sukari na chai viliwazoesha ladha na ratiba mpya, kwa sababu askari na mchimbaji hula saa iliyopangwa, chakula ambacho hakukilima na ambacho hakikupikwa na mtu wa nyumbani kwake. Mahindi yalipoendelea kuenea, na mashine za kusaga zilipofika vijijini, ulezi ulirudi nyuma. Kisha sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, ikaanza kupendwa kuliko dona, ambayo husagwa pamoja na pumba na kiini na kwa hiyo hubaki na nyuzinyuzi na vitamini nyingi zaidi.

Uuzaji wa chakula kilichopikwa ulikua pamoja na miji midogo. Hoteli, jina ambalo huku hupewa hata kibanda chenye meza mbili, ziliuza chai ya maziwa, maandazi, chapati na sambusa, vyakula vilivyotoka pwani na kwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na nchi ilipoingia katika uhaba wa bidhaa uliozidishwa na vita vya Kagera, Sirari, iliyo mpakani, ikawa njia ya magendo, na mafuta ya kupikia, sukari na sabuni zikawa bidhaa za thamani kubwa. Mwaka 1983 una uzito wa pekee katika simulizi hii, kwani ndio mwaka ambao mpaka ulifunguliwa tena, na ndio mwaka ambao sheria ya Nguvu Kazi iliwaweka wachuuzi wadogo nchini katika hatari ya kuhesabiwa kuwa wazururaji. Sera za soko huria za kuanzia mwaka 1986 zilibadili hali hiyo: mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakawa yanaingia kwa wingi, na mtu mwenye karai, jiko la mkaa na gunia la viazi mviringo akaweza kuanzisha biashara bila kuomba mkopo benki.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 huko Nyamongo na kuwa chini ya kampuni ya Barrick tangu mwaka 2006, kwa miaka kadhaa kupitia kampuni tanzu ya Acacia, uliyakamilisha mabadiliko hayo. Waajiriwa wa zamu, vibarua, wachimbaji wadogo, madereva na baadaye waendesha bodaboda walikuwa watu wenye fedha mkononi na wasio na meko ya karibu, na hao ndio wateja wa mama lishe na muuza chipsi. Upande wa Serengeti, wafanyakazi wa hoteli za kitalii, waongozaji wa watalii na wasafiri wa Mugumu waliunda soko la namna hiyohiyo. Siri ya mafanikio ya biashara hii ni mzunguko wa fedha: viazi vinavyonunuliwa asubuhi huuzwa kabla ya usiku, faida hurudi siku hiyohiyo, mteja anayefahamika hukopeshwa hadi siku ya malipo, na bei hupangwa kwa sahani au nusu sahani ili kila mfuko upate kitu. Serikali iliitambua nguvu hiyo mwishoni mwa mwaka 2018 ilipoanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, wakiwamo akina mama lishe.

Madhara kwa afya yametoka katika mambo yaleyale yaliyoleta faida. Mafuta ni gharama kubwa, kwa hiyo hukaangiwa mara nyingi. Yanapopashwa moto kupita kiasi na kurudiwa, huvunjika na kutoa kemikali zinazodhuru mwili, hasa mishipa ya damu. Chumvi huongezwa mezani, ingawa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na soda ya mililita 350 inayoshushia chipsi huweza kuwa na takribani gramu 37 za sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takwimu za afya ya uzazi zinaonesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi asilimia 28 mwaka 2015–16. Hizo ni takwimu za taifa zima, na chipsi pekee hazibebi lawama yote, kwa sababu sembe, sukari na kazi za kukaa zimechangia pia.

Kwa kuwa chakula cha haraka hapa hakina makao makuu ya kushtakiwa wala nembo ya kugomewa, kampeni zilizobuniwa dhidi ya kampuni kubwa za ng'ambo hazitafaa kitu Tarime wala Serengeti, na kuwafukuza wauzaji kungewanyima wanawake wengi riziki na wafanyakazi mlo wao. Kinachowezekana ni kusimamia mafuta badala ya mtu. Halmashauri za wilaya hizi hukusanya ushuru wa huduma kutokana na shughuli za kampuni, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 mgodi unawajibika kuwasilisha kwa serikali za mitaa mpango wake wa kuihudumia jamii. Sehemu ya fedha hizo ielekezwe kwa maofisa afya wanaokagua karai, kwa mafunzo ya mama lishe, na kwa mashine zinazosaga dona na ulezi, kwa maana mshahara uliozaa mlo huu ndio unaopaswa kulipia usalama wake.