Ma wa Okoyong: Injili Iliyokaa Uani

Kwa mazungumzo yetu ya leo twaomba mfungue Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, mlango wa 2, kifungu cha 8 na cha 9. Humo Mtume awakumbusha Wakristo wale ya kuwa hakuwapa maneno matupu. Aliwapa maisha yake pia, na mikono yake ilijua kazi.

Mara nyingi habari za wamishenari husimuliwa kwa safari zao, mahubiri yao na hesabu ya waliobatizwa. Leo twataka kuuliza jambo dogo zaidi. Je, waliishi namna gani? Walilala wapi, walipika nini, na nani aliyebisha mlangoni pao usiku? Kwa kujibu, twende mpaka Afrika ya Magharibi, kusini-mashariki mwa nchi iitwayo sasa Nigeria, karibu na mji wa Calabar.

Misheni ya Calabar ilianza mwaka 1846. Kiongozi wake, Hope Waddell, alitoka Jamaika, na wazo la kazi hiyo lilitoka huko huko, katika makanisa ambayo wengi wa washiriki wake walikuwa watumwa mpaka mwaka 1838. Watu ambao baba zao waliuzwa kutoka Afrika walitaka Injili ifike Afrika. Jambo hilo tusilisahau, kwani hata siku zile mbegu haikupandwa na Wazungu peke yao.

Mwaka 1876 akafika Calabar mwanamke wa Uskoti, jina lake Mary Slessor, mwenye umri wa miaka 27. Hakutoka katika nyumba ya kitajiri. Baba yake alikuwa fundi wa viatu aliyeshindwa na pombe. Mary alipokuwa na miaka 11 aliingia kiwanda cha kufuma nguo mjini Dundee, akifanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku. Njaa aliijua, na kelele za mlevi usiku alizijua. Mungu hutumia hata shule ya namna hiyo.

Mwezi wa Agosti 1888 alihamia bara, katika nchi ya Okoyong. Mfalme Eyo wa Creek Town alimpa mtumbwi wake na wapiga makasia. Baada ya mtumbwi kulikuwa na mwendo wa maili nne msituni, katika mvua na matope, pamoja na watoto watano aliokuwa akiwalea. Katika kijiji cha Ekenge, mzee Edem alimpa chumba cha udongo katika ua wa wake zake. Mbuzi na kuku walipita humo, watoto walilia, na wanawake waliingia walipotaka. Hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa peke yake hata kuomba.

Baadaye akajenga nyumba ndogo ya miti na udongo, wenyeji wakimsaidia. Jikoni alifinyanga meko kwa udongo mwekundu, na rafu ya vyombo, na hata kiti kirefu cha kukalia karibu na moto. Alikula chakula cha nchi: viazi vikuu, ndizi za kupika, mafuta ya mawese. Viatu na kofia aliviacha mara nyingi, nywele akazikata fupi. Homa ilimpiga mara kwa mara, wala hatusemi kwamba kila alichofanya kilikuwa cha busara kwa afya yake. Lakini mtu aliyekuja na kidonda hakuona aibu kuketi juu ya kiti kile cha udongo. Watu wakamwita Ma, jina la heshima kwa mama.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa nini? Asubuhi, wagonjwa. Kisha shule, ambapo wazee na watoto walijifunza herufi pamoja. Kisha mashauri ya ugomvi, ambayo aliyasikiliza kwa saa nyingi huku akifuma uzi kwa sindano zake. Na usiku, watoto wachanga. Siku zile mapacha walihesabiwa kuwa laana. Waliuawa au kutupwa msituni, na mama yao akafukuzwa asirudi tena kwa watu. Mary aliwaokota, akawalea. Yasimuliwa kwamba aliwalaza katika vitanda vya kuning'inia kando yake, kila kimoja na kamba, ili mtoto akilia aivute kamba na kumbembeleza pasipo kuamka. Janie, pacha mmojawapo, alikua akawa msaidizi wake mkuu katika kulea wengine.

Yapata mwaka 1889, Etim, mwana wa mzee Edem, aliangukiwa na gogo akafa. Mganga akataja kijiji kuwa ndicho kilichomloga, na watu wakakamatwa, wakafungwa minyororo uani. Desturi iliwataka wanywe maji ya maharagwe ya sumu yaitwayo esere, na mtu mkubwa hakuzikwa bila wengine kufa pamoja naye. Mary alifanya nini? Kwanza alimheshimu marehemu. Alimvika nguo nzuri za hariri, akamweka kitini chini ya mwavuli, na kioo mbele yake, hata wazee wakafurahi kwa heshima ile. Kisha yeye na Charles Ovens, fundi seremala aliyekuja kumjengea nyumba, wakawalinda wafungwa kwa zamu, mchana na usiku. Mmoja baada ya mwingine wakafunguliwa. Kaburini mwa Etim ilichinjwa ng'ombe tu.

Lakini hakuyashinda hayo peke yake. Dada yake Edem, jina lake Ma Eme, ndiye aliyekuwa jicho lake. Hatari ilipokaribia, alimtuma mtu kwa siri na chupa tupu, kana kwamba aomba dawa. Mary akiiona chupa alijua: usilale, kuna damu itakayomwagika. Mama huyu aliokoa maisha ya wengi, naye hakuingia kanisani kwa ushuhuda wa wazi mpaka kufa kwake. Mary alihuzunika kwa hilo. Sisi nasi tuyaachie mikononi mwa Bwana ajuaye mioyo.

Wala tusimfanye Mary malaika. Mwaka 1892 serikali ya Waingereza ilimpa mamlaka ya naibu wa balozi huko Okoyong, akawa mwamuzi. Aliwatetea wanyonge, hasa wanawake. Lakini mkono ule ule uliofunga vidonda ukawa pia mkono wa watawala ambao wenyeji hawakuwachagua. Wamishenari wengi waliingia katika mtego huo, na hata Kenya twayajua mambo hayo. Twaweza kumshukuru Mungu kwa upendo wao bila kulificha kosa hilo.

Meza ya Bwana iliandaliwa mara ya kwanza Okoyong mwaka 1903. Hesabuni wenyewe: miaka 15, na walioketi walikuwa wachache. Mary alifariki tarehe 13 Januari 1915, katika kijiji cha Use. Kama tungempima kwa hesabu ya wabatizwa, tungesema alishindwa. Lakini mwulizeni mama wa mapacha aliyelala ndani ya nyumba badala ya msituni.

Basi, wapenzi, ni nani anayefukuzwa uani kwetu? Yuko mama asiye na mtoto anayesemwa vibaya. Yuko msichana aliyezaa nyumbani, ambaye benchi lake kanisani ni la nyuma karibu na mlango. Yuko mjane anayeitwa mchawi mumewe anapofariki. Mahubiri yetu wameyasikia. Je, wameiona meko yetu? Je, kiko kiti kwetu ambacho wangekalia bila kuogopa?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyekaa kwetu ukala chakula chetu, utufundishe kufungua mlango usiku. Utupe masikio ya kuisikia chupa tupu ikibisha. Kwa jina la Yesu. Amina.