Gati ikivunjika Lamu, tumuulize nani?

Sisi wa visiwani barabara yetu ni maji. Mgonjwa wa Faza, mwanafunzi wa Kizingitini na mchuuzi wa Ndau, wote lazima wapande chombo. Ngazi ya gati tunayotumia ilipovunjika, niliuliza ofisi mbili. Kila moja ikanielekeza kwa nyingine. Ndipo nikaamua kusoma sheria mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

Serikali ya kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti feri na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa.

Halmashauri ya Bandari (KPA): iliundwa kwa sheria ya 1978. Ndiyo inayoendesha bandari mpya ya Lamu kule Kililana, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa 20 Mei 2021.

Mamlaka ya Shughuli za Baharini (KMA): hukagua vyombo, hutoa vyeti vya mabaharia na kusimamia usalama wa safari. Chombo kikijaza abiria kupita kiasi au kikikosa jaketi za kujiokolea, lalamika huku.

Walinzi wa Pwani: kikosi kilichozinduliwa 2018 kwa doria na uokoaji baharini.

Basi ukipigwa danadana, usichoke. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, saa 48. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman. Uliza mambo mahususi: gati hii iko chini ya nani, ilitengewa pesa ngapi, na mkandarasi ni nani?

Kuuliza kuna faida. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi hiyo ilianzishwa na wenyeji wa hapa hapa.

Mimi barua yangu nimeshaipeleka, na nakala yenye muhuri ninayo. Nahesabu siku.