Shabaha

Kiswahili cha Uganda kimepitia sana jeshini, tangu enzi za King's African Rifles, na neno moja la jeshini linalostahili kukaa midomoni mwetu hapa Kyebando ni shabaha. Asili yake ni Kiarabu, na ni jamaa ya shabihi, yaani kufanana. Shabaha ni kitu kinacholengwa. Ni pia ustadi wa kulenga, ndiyo maana husemwa kwamba fulani ana shabaha.

Ustadi huo huanzia mwilini. Mikao ya kujifunza ni minne: kulala kifudifudi, kuketi, kupiga goti na kusimama. Kulala hutuliza bunduki kuliko mikao mingine, kwa kuwa viwiko vyote viwili hugusa ardhi. Lakini kwenye majabali, makazi ya mbuzi mawe kule Kidepo, mara nyingi hapana pa kujinyoosha. Hapo mtu huketi, akaegemeza viwiko magotini. Tena risasi inayopigwa kuelekea juu au chini ya mlima hutua juu kidogo ya palipolengwa, mpigaji asipokadiria umbali wa mlalo badala ya ule wa mteremko.

Siku hizi wengi husema "tageti", hata wakizungumzia mipango ya biashara au masomo. Hakuna haja. Lenga shabaha, kosa shabaha, fikia shabaha: yote ni Kiswahili safi. Walimu, wafundisheni watoto neno hili, na ninyi wenyewe mlitumie.