Jembe la Mgeni: Historia ya Kibali cha Kukaa Ugenini

Msomaji mpendwa, ukisafiri kutoka Nairobi kwa njia kuu iendayo Namanga, utapita Kitengela, kisha Isinya, na baadaye utafika Kajiado. Utawaona watu wa makabila mengi wakijenga, wakiuza na wakinunua, wala hapana hata mmoja aliyeomba ruhusa ya serikali ili akae hapo. Huenda ukadhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. La, hayakuwa hivyo. Na yafaa tujue jinsi yalivyokuwa, maana bila kujua hayo hatuwezi kupima vizuri jambo jipya lililozuka katika siku zetu, yaani kibali cha mtu akaaye nchi moja na kufanya kazi ya nchi nyingine.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yatufundisha kwamba mgeni hupokewa kwa wema, kwamba ugeni una kikomo, na kwamba akitaka kuendelea kukaa lazima kazi yake ijulikane. Kibali cha kukaa ugenini ni methali hiyo hiyo iliyotiwa katika sheria. Lakini angalia: katika methali mwenyeji ndiye agawaye jembe. Je, huwa namna gani mgeni anapojitwalia jembe na shamba, kisha akamwandikia mwenyeji kibali?

Hayo ndiyo yaliyotokea Kenya. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali ya Kiingereza uwezo wa kuzifunga wilaya za pembeni, mtu asiingie humo bila ruhusa. Mwaka 1904 yakafanywa mapatano ya kuwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, ili nchi ile iliyo karibu na reli wapewe walowezi. Wengine wakapelekwa Laikipia, na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo mbili zingekuwa zao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakahamishwa nao kwenda kusini, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kajiado na Narok.

Wamaasai hawakunyamaza. Ole Njogo na wenzake waliishitaki serikali. Mwaka 1913 mahakama ilikataa kuiamua kesi yao, ikisema kwamba yale mapatano yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza. Fikiri juu ya neno hilo, msomaji. Watu waliozaliwa katika nchi ile waliambiwa kwamba kwa upande wa sheria wao si raia wa serikali iliyowatawala. Na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyowaamuru mahali pa kukaa.

Baadaye kilikuja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutumika. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama ya vidole vyake na habari za kazi yake. Wengi waliitia katika kibati na kuivaa shingoni. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi mtu alipoandikwa kazi na alipoachishwa. Asiyekuwa na sahihi ya kumwachilia alihesabiwa kuwa mtoro, akatafutwa na kuadhibiwa. Kwa hiyo kipande hakikuwa cheti cha kumtambulisha mtu tu. Kilikuwa kamba ya kumfunga kwa bwana wake. Harry Thuku na wenzake walikilaumu hadharani, naye alipokamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi. Ni mwaka 1947 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, jembe likarudi mkononi mwa mwenyeji. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria iliyomtaka kila asiyekuwa raia awe na kibali ndipo afanye kazi. Nia yake ilikuwa kuwapa wananchi nafasi walizonyimwa zamani, na nia hiyo ilikuwa na haki yake. Hata hivyo sheria hiyo iliwagusa pia Waasia wengi waliozaliwa hapa au waliokaa hapa miaka mingi, ambao walikuwa na pasipoti za Kiingereza. Maelfu walifunga safari kwenda Uingereza. Na mwezi wa Machi mwaka 1968 Uingereza nayo ikatunga sheria ya kuwazuia. Huku wameitwa wageni, na kule wameitwa wageni!

Sasa tuje katika siku zetu. Kwa ajili ya intaneti, mtu aweza kukaa Kitengela akamfanyia kazi mwajiri aliye Ulaya wasionane hata siku moja. Mgeni wa namna hii haombi jembe, kwa kuwa amekuja na jembe lake, na shamba lake li nchi nyingine. Estonia na Morisi zilianza kutoa ruhusa kwa watu hao mwaka 2020, na Ureno mwaka 2022. Mwaka 2024 Kenya nayo ikaongeza kibali cha Daraja N. Mwombaji huonyesha pasipoti, ushahidi wa kazi yake iliyo nje ya Kenya na pato la kumtosha. Wala hana ruhusa ya kuajiriwa na mtu wa hapa.

Kibali hiki hakimfungi mtu kwa bwana aliye nchini, na kwa hayo ni bora kuliko kipande mara nyingi. Lakini kina ua wake. Morisi humtaka mgeni awe na pato la dola 1,500 kwa mwezi, na Ureno hutaka mara nne ya mshahara wa chini wa huko. Kijana wa Kitengela mwenye kompyuta na ujuzi sawa na wa mwenzake wa Ulaya, lakini alipwaye kidogo kwa kazi ile ile, atabaki nje ya ua huo. Zamani mlango ulifungwa kwa kabila na rangi. Leo hupimwa kwa mfuko.

Basi, msomaji, pengine siku moja utaomba kibali cha kukaa ugenini, au utakuwa mtumishi wa serikali uwapaye wengine. Siku hiyo jiulize maswali matatu: Ni nani atoaye kibali hiki, naye alipata wapi haki hiyo? Chamfunga mtu kwa nani? Na ni nani aachwaye nje? Wazee waliosimama mahakamani mwaka 1913 waliuliza swali la kwanza, na mahakama ikakataa kuwajibu. Lingali lastahili kuulizwa.